Kuchangia utafiti wa demensia kila mwezi: mwongozo kamili kwa mwenye kidogo

Mama yangu alikuwa fundi cherehani Moshi, na mikono yake haikuzoea kukaa bure. Siku niliyoelewa kwamba hali yake haikuwa uzee tu, nilimkuta barazani na kanga moja. Aliikunja, akailaza magotini, akaipapasa, akaikunjua, akaanza upya. Nilipomsalimia akaitikia vizuri, kisha akaniuliza kwa heshima kabisa, "Na mama yako, hajambo?"

Majirani walisema amerudia utoto. Wengine walinong'ona mambo ya kurogwa. Ilichukua muda mrefu hadi daktari akatamka neno demensia, na nilipouliza tiba akanijibu ukweli: ya kuponya haipo. Mwezi uliofuata nilianza kuchangia utafiti wa ugonjwa huu, kiasi kidogo, na nilikosea mara mbili kabla sijapata utaratibu unaodumu. Ndugu na marafiki huniuliza nafanyaje. Hapa naeleza yote, pamoja na makosa yenyewe.

Jua kwanza pesa yako inakwenda kufanya nini

Demensia ni jina la hali inayotokana na magonjwa mbalimbali ya ubongo: kumbukumbu hupungua, maneno hupotea, maamuzi na tabia hubadilika hadi mtu hawezi tena kujitegemea. Alzheimer ndiyo inayoongoza, kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu milioni 57 walikuwa na demensia mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchi kama yetu, kwa maneno mengine.

Sasa tazama utafiti umefika wapi. Dawa ya lecanemab, iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, ilijaribiwa kwa watu 1,795. Baada ya miezi 18 kasi ya ugonjwa ilikuwa imepungua kwa asilimia 27, kwa walio katika hatua za mwanzo tu. Katika jaribio hilo ilitolewa kwa dripu kila baada ya wiki 2, na mgonjwa hupigwa picha za ubongo za MRI mara kwa mara kwa sababu inaweza kuleta uvimbe au kuvuja damu kwenye ubongo. Sisemi haina maana. Watu walisubiri habari kama hiyo kwa miaka mingi. Lakini mama yangu asingeipata, na hata angeipata, maswali mengi kuhusu watu wa huku bado hayajajibiwa.

Mfano mzuri unatoka Nigeria. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti waliwafuatilia wazee wa Kiyoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis kwa njia zile zile. Matokeo waliyochapisha mwaka 2001 yalionyesha kwamba kiwango cha wagonjwa wapya wa Alzheimer kule Ibadan kilikuwa chini ya nusu ya kile cha Indianapolis. Kwa nini? Chakula, shinikizo la damu, kisukari, urithi wa vinasaba, vyote vilitazamwa, na hata kile kinasaba kinachojulikana Ulaya kuongeza hatari hakikuonyesha uhusiano wenye nguvu ile ile kwa Wayoruba. Maswali kama hayo huwezi kuyajibu kwa kuchunguza watu wa bara moja.

Na wa nyumbani upo. Wilaya ya Hai, kilomita chache kutoka kwetu, watafiti wa KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Newcastle, Uingereza, waliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2013 walikadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Kabla ya hapo watu walidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Baadaye walirudi kuangalia hali za wazee wale wale baada ya miaka kupita.

Kilichonigusa zaidi ni kipimo kilichotengenezwa huko Hai na kujaribiwa pia Nigeria, kinachoitwa IDEA. Vipimo vingi vya kigeni humtaka mzee achore saa au anakili umbo kwa kalamu. Bibi ambaye hakuwahi kwenda shule hushindwa hapo hata kama akili yake ni kali kama wembe. IDEA humwekea njiti nne za kiberiti mezani, mhoji hupanga umbo, mzee hupanga lake lifanane. Ataulizwa pia ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, leo ni siku gani, nani kiongozi wa kijiji, na akumbuke orodha ya maneno kumi. Alama zote ni 15. Huhitaji mashine wala daktari bingwa. Mhudumu wa afya aliyefundishwa anaweza kupima chini ya mwembe. Kitu rahisi kiasi hicho kilihitaji miaka ya kwenda, kurudi, kusahihisha na kupima tena.

Hapo ndipo mchango wa kila mwezi unapopata kazi yake. Utafiti wa demensia ni kufuatilia watu. Unampima mzee leo, unamrudia baada ya mwaka, unamrudia tena. Damu inahifadhiwa kwenye friji za baridi kali ambazo hazitakiwi kuzimika hata siku moja. Mhoji aliyezoeleka kijijini akiondoka, familia hazifunguki kwa mgeni. Ruzuku kubwa huja kwa miaka michache na kuisha. Pesa ndogo ambayo mhasibu anajua itaingia tarehe fulani humsaidia kupanga.

Hatua ya kwanza: tenganisha utafiti na huduma

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Nilichangia kikundi kimoja, jina naliacha, nikiamini nachangia utafiti. Baada ya miezi minane nikauliza, nikajibiwa kwa furaha kwamba pesa zilinunua fulana na mabango ya matembezi ya uhamasishaji. Hawakuniibia, mimi ndiye sikuuliza. Uhamasishaji nao unaokoa watu, hasa pale ambapo kizee anayesahau huitwa mchawi. Lakini haukuwa utafiti.

Kazi za ugonjwa huu ni za aina nne: utafiti, huduma kwa wagonjwa, msaada kwa walezi, na uhamasishaji. Mashirika mengi hufanya zaidi ya moja. Uingereza, Alzheimer's Society hutoa huduma na pia hugharamia utafiti, wakati Alzheimer's Research UK imejikita katika utafiti. Marekani, Alzheimer's Association hufanya yote mawili na hutoa ruzuku kwa watafiti wa nchi nyingine pia. Kwetu Afrika Mashariki mashirika ya wagonjwa mara nyingi yamebeba uhamasishaji na walezi, na utafiti hukaa kwenye vyuo vikuu na hospitali za rufaa. Aga Khan University ina taasisi yake ya ubongo na akili yenye kazi Nairobi.

Kwa hiyo una njia mbili. Ukichagua shirika linalofanya utafiti pekee, toa bila masharti, waache waamue pa kuupeleka mchango. Ukichagua chuo, hospitali au shirika lenye kazi nyingi, andika wazi kwamba mchango ni wa utafiti wa demensia, na uombe wakuthibitishie kwa maandishi kwamba wanao mfuko wa namna hiyo. Wakikwambia hawana, washukuru, endelea kutafuta. Usilazimishe.

Hatua ya pili: kagua kabla ya kutuma hata senti

Hii ni kazi ya jioni moja, na ifanye kweli.

Tanzania, shirika lisilo la kiserikali lazima liwe kwenye daftari la Msajili wa NGOs. Kama limesajiliwa kama bodi ya wadhamini, liko RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Kenya, mamlaka inayosimamia mashirika ya manufaa ya umma ilichukua nafasi ya bodi ya zamani ya NGO tangu sheria mpya ilipoanza kutumika Mei 2024. England na Wales, shirika la hisani lililosajiliwa lina namba unayoweza kuitafuta kwa msimamizi wao, Charity Commission, na hapo hapo unasoma hesabu zake za miaka iliyopita. Marekani, tafuta jina kwenye orodha ya mamlaka ya kodi, IRS, kisha usome fomu yao ya 990, yaani taarifa ya mwaka ya mapato na matumizi.

Usajili wa shirika peke yake hautoshi, kwa sababu utafiti una vibali vyake. Utafiti wowote wa afya Tanzania Bara unapaswa kuwa na kibali cha maadili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ndiyo inayosimamia hilo. Zanzibar ni ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya huko. Kenya, mtafiti huhitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na idhini ya kamati ya maadili. Mtafiti wa kweli haoni taabu kukutajia namba ya kibali. Mimi sasa huuliza swali hilo mapema, na majibu yake yameniokoa.

Kuna dalili zinazonifanya nifunge mazungumzo papo hapo. Mtu anayeahidi kwamba mchango wako utaleta dawa ya kuponya mwakani. Mtu anayekupa namba ya simu yenye jina lake binafsi wakati anasema ni ya taasisi. Anayeuza virutubisho huku akiomba mchango wa utafiti. Na anayekuharakisha: utafiti unaochukua miaka kumi hauwezi kukwama kwa sababu ulichelewa kutuma usiku huu.

Neno moja kuhusu gharama za uendeshaji. Watu hupenda shirika linalojisifu kwamba karibu kila shilingi inakwenda kwenye mradi. Mimi siwi mkali hapo. Mhasibu mzuri, ukaguzi wa hesabu na umeme wa friji navyo ni utafiti. Angalia zaidi kama hesabu zinakaguliwa na zinachapishwa kila mwaka.

Hatua ya tatu: chagua kiasi kitakachovuka Januari

Kosa langu la pili: nilianza na shilingi 50,000 kwa mwezi kwa sababu moyo ulikuwa unauma. Januari ilipofika na ada za watoto, nikakatisha, na aibu ikanizuia kurudi kwa karibu mwaka mzima.

Fanya hivi. Chukua miezi mitatu iliyokubana zaidi mwaka jana. Jiulize ni kiasi gani ungekitoa hata katika miezi hiyo bila kukopa. Kisha anza na nusu yake. Shilingi 10,000 kwa mwezi ni 120,000 kwa mwaka na 600,000 kwa miaka mitano. Kama unamlea mgonjwa mwenyewe, nepi, dawa na mshahara wa msaidizi vinatangulia. Hakuna mtafiti mwenye utu atakayetaka uvipunguze.

Waliolelewa kanisani wanaujua utaratibu huu: bahasha ya ahadi, kila mwezi, yenye namba yako. Na jirani yangu Mwislamu alinikumbusha hadithi ya Mtume kwamba amali impendezayo Mwenyezi Mungu zaidi ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ndogo. Mimi utaratibu wa bahasha ndio niliouhamishia kwenye simu.

Hatua ya nne: panga malipo yaende yenyewe

Ukitegemea kukumbuka, utaacha.

Mwenye akaunti ya benki aende tawini au atumie programu ya benki yake kuweka agizo la kudumu: kiasi, akaunti ya mpokeaji, tarehe, na mwisho wake kama upo. Chagua siku moja au mbili baada ya mshahara. Uliza makato ya kila muamala. Kama makato yanakula sehemu kubwa ya mchango mdogo, ni afadhali ulipe kila baada ya miezi mitatu kwa mkupuo.

Kenya, huduma ya M-Pesa Ratiba, iliyoanza mwaka 2024, inakuwezesha kupanga malipo ya kujirudia kutoka kwenye simu, pamoja na kwenda kwenye Paybill, namba ya malipo ya taasisi. Kwa anayelipa kwa mkono kupitia Lipa Namba, weka ukumbusho wa simu siku ya mshahara. Na kila mara, kabla hujaweka namba ya siri, soma jina la mpokeaji linalojitokeza. Lifanane na la taasisi, herufi kwa herufi.

Kutuma nje ya nchi kwa kadi kunawezekana, lakini benki hubadilisha fedha kwa kiwango chake na kuongeza ada. Kwa kiasi kidogo, mimi nashauri kila mtu achangie pale anapoishi. Mdogo wangu yuko Uingereza. Yeye ameruhusu makato ya benki yanayoitwa huko Direct Debit, pauni 5 kila mwezi. Kwa kuwa ni mlipa kodi, alijaza tamko la Gift Aid, mpango wa serikali wa kuongezea michango, na shirika hudai senti 25 kutoka serikalini kwa kila pauni. Pauni 5 zake huwa 6.25, bila yeye kuongeza chochote. Kwa mwaka ni pauni 75. Tahadhari: kama kodi uliyolipa ni ndogo kuliko kiasi kilichodaiwa, tofauti utailipa wewe, kwa hiyo ukipoteza kazi wajulishe. Makato yakikosewa, benki inalazimika kukurudishia. Walioajiriwa Marekani waulize ofisini kama mwajiri huongezea mchango wa mfanyakazi. Wengi wanaweza kupata hilo na hawalijui. Na Kenya, mchango kwa shirika lenye msamaha wa kodi wa KRA, mamlaka ya mapato, unaweza kupunguza mapato yanayotozwa kodi, mradi risiti zipo.

Hatua ya tano: andika barua fupi

Barua hii nimeitumia mara kadhaa, ichukue uibadilishe:

"Habari za kazi. Ningependa kuchangia shilingi 10,000 kila mwezi kwa ajili ya utafiti wa demensia pekee. Kabla sijaanza naomba kufahamu: fedha zitaingia mfuko upi, mtafiti mkuu ni nani na yuko taasisi gani, namba ya kibali cha utafiti, kama nitapata risiti ya kila mwezi au moja ya mwaka, na ni lini mnatoa taarifa kwa wachangiaji. Mzazi wangu ana ugonjwa huu, na ningependa kuwa nanyi kwa muda mrefu. Ahsanteni."

Wape wiki mbili, tatu. Vyuo vikuu huchelewa kujibu, na kuchelewa si dalili mbaya. Jibu linalokwepa maswali mawili kati ya matano ndilo la kukupa wasiwasi.

Mkichangia kama familia

Sisi ni watoto watano. Tuliunda kundi la WhatsApp kwa ajili ya uuguzi wa mama, kila mtu na fungu lake, na tukakubaliana sehemu ndogo iende kwenye utafiti. Yaliyotusaidia: mweka hazina mmoja na mwingine wa kumkagua, picha ya risiti kundini siku ile ile, na makubaliano kwamba aliyebanwa mwezi huo anasema tu "nimebanwa" na hakuna anayemhoji. Kaka yetu mkubwa mwanzoni alikataa. "Tunachangia utafiti wakati mama hana nepi?" Alikuwa na haki. Tukaandika kwamba fungu la utafiti linatoka baada ya mahitaji ya mama kutimia, kamwe kabla. Tangu hapo yeye ndiye wa kwanza kutuma.

Kama mnaona michango ya harusi na misiba inawaelemea, jaribuni kitu kimoja: kwenye msiba wa mzee aliyeugua ugonjwa huu, ombeni sehemu ya rambirambi ielekezwe kwenye utafiti kwa jina lake. Ongeeni na ndugu kabla, msitangaze ghafla.

Kufuatilia, kuongeza, kusimamisha

Mimi hukagua kila Septemba, kwa sababu ndio mwezi wa Alzheimer duniani na tarehe 21 ndiyo siku yake, hivyo sisahau. Nasoma taarifa ya mwaka. Natazama kama walichosema watafanya kimefanyika, na kama kimeshindikana, wamesema? Utafiti uliofanyika vizuri na kuonyesha kwamba njia fulani haifai umetumia pesa yangu sawasawa. Usiondoe mchango kwa sababu hiyo. Uondoe kama hakuna taarifa miaka miwili mfululizo, au kama kazi imebadilika kimyakimya.

Ukitaka kusimamisha, andika, toa shukrani, kisha ufute agizo benki mwenyewe. Usiwaachie wao.

Kuna jambo la mwisho ambalo waandishi wa miongozo ya michango hawaligusi, nami nalijua kwa sababu ya mama. Mtu mwenye demensia anaweza kuwa mchangiaji. Kwenye simu ya mama tulikuta ametuma pesa mara tatu katika wiki moja kwa mtu mmoja aliyejitambulisha kama mwombaji wa msaada. Alikuwa anasahau kwamba ameshatuma. Kama mzazi wako ameanza kusahau, kaa naye, mpitie pamoja malipo yanayotoka, mheshimu anachotaka kuendelea kutoa, na mwombe akubali kiwango cha juu cha kutuma kwa siku. Fanya hivyo mapema, akiwa bado anaweza kusema anachotaka.

Na wewe fanya hivyo hivyo kwa ajili yako. Kwenye daftari la nyumbani nimeandika ukurasa mmoja: jina la taasisi, kiasi, tarehe ya makato, benki, na jinsi ya kufuta. Mdogo wangu anajua daftari lilipo, kwenye droo ya juu ya cherehani ya mama.